Waliowahi kunyooshwa mgongo kwa kiropraktiki: nafuu ile hutoka wapi?

Nyavu_za_Igombe (bandiko la 1)

Habari za jioni, wanajukwaa.

Nauza nyavu na vipuri vya mashine za mitumbwi hapa Mwanza, kazi inayonilazimu kuinamia marobota asubuhi na kukaa kwenye kiti kigumu hadi jioni. Maumivu ya kiuno yalinianza upande wa kulia, yakashuka kwenye tako na kufika nyuma ya goti, nikawa siwezi kuvaa soksi bila kuegemea ukuta. Hospitali walinipa dawa za maumivu na kunielekeza fiziotherapia, nikahudhuria kwa muda. Baadaye safari ya biashara ilinipeleka Nairobi kupitia Sirari, na ndugu yangu anayeishi huko, aliponiona nikishuka kwenye basi nimepinda, akanipeleka moja kwa moja kwa mtaalamu wa kiropraktiki, yaani tiba ya kusukuma viungo vya mgongo kwa mikono.

Kitanda chake kina tundu la kuingiza uso, limetandikwa karatasi laini, na kimegawanyika vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kuinuliwa peke yake. Kwanza alinipima: alinigonga magoti kwa kinyundo, akaninyanyua mguu nikiwa nimelala chali, akaniuliza kama nahisi ganzi. Kisha alinilaza ubavu, akalikunja goti langu la juu, akashika bega kwa mkono mmoja na nyonga kwa mkono mwingine, akaniambia nivute pumzi na kuitoa taratibu. Pumzi ilipokuwa inaishia, akasukuma mara moja, kwa kasi, na mgongo ukalia mfululizo kama mtu anayevunja vijiti vikavu. Niliposimama nilikuwa mwepesi kuliko nilivyokuwa kwa miezi mingi. Nafuu ilidumu siku kadhaa, kisha maumivu yakarudi, ingawa si kwa ukali wa mwanzo.

Yeye alisema pingili ya nne na ya tano za kiuno zilikuwa zimehama na amezirudisha mahali pake. Niliporudi Mwanza, mtaalamu wa fiziotherapia akaniambia kwamba pingili haihami kwa namna hiyo. Basi nauliza waliopitia tiba hii na wanaoijua: kama pingili haikuhama, kilicholia ni nini, na nafuu niliyoipata ilitoka wapi?

Lori_la_Geita (bandiko la 2)

Mkuu, umeuliza swali ambalo mwili wako umekwisha kulijibu. Mimi ni dereva wa lori, nabeba saruji na nondo kati ya Mwanza na Geita, na nilinyooshwa Dar es Salaam na mtaalamu wa aina hiyohiyo. Niliingia nimeinamia upande wa kushoto, mke wangu akiwa amenishika mkono, nikatoka nimesimama wima. Kitu kilichopinda kikinyooka mbele ya macho ya watu, sioni sababu ya kutafuta maelezo ya mbali. Pingili ilikuwa imekaa vibaya, ikarudishwa.

Fizio_Kanda_ya_Ziwa (bandiko la 3)

Salamu kwa wote. Ninafanya kazi ya fiziotherapia, na nitajibu hoja ya pingili kuhama kwa sababu naisikia kwa wagonjwa karibu kila siku. Pingili za kiuno ni tano, na kila moja imeshikwa na diski (kile kipande laini kinachokaa kati ya pingili na pingili), kano nene, viungo viwili vidogo kwa nyuma, na misuli iliyopangana tabaka kwa tabaka. Pingili ikihama kweli, kama inavyotokea mtu anapoanguka kutoka juu ya mwembe au anapopata ajali ya gari, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali akiwa amelazwa kwenye ubao mgumu, na hakuna anayepaswa kumsukuma kwa mikono.

Mlio nao si wa mfupa kugonga mfupa. Kiungo kimezungukwa na kifuko chenye ute, na ndani ya ute huo kuna gesi iliyoyeyuka. Nyuso mbili za kiungo zinapoachana ghafla, mgandamizo ndani ya kifuko hushuka na uwazi wa gesi hujitokeza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole vya mtu ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, wakaona uwazi huo ukitokea wakati uleule kiungo kinapolia. Kabla ya hapo, maelezo yaliyotawala tangu 1971 yalisema mlio hutoka kiputo kinapopasuka. Ndiyo maana kiungo kilichokwisha kulia hakilii tena papo hapo ukikirudia, hadi gesi iyeyuke upya.

Nafuu, kwa maoni yangu, hutoka kwenye misuli na mishipa ya fahamu. Msukumo wa kasi huiamsha mishipa iliyomo kwenye kiungo na misuli, na misuli iliyokuwa imekakamaa kuulinda mgongo huachia kwa muda. Lori_la_Geita, mtu aliyepinda upande kwa maumivu amepindishwa na misuli, na misuli ikiachia atanyooka bila pingili yoyote kusogea. Muda huo wa nafuu ndio wa kufanya mazoezi, na asiyeutumia hurejea kitandani palepale. Ninaongeza kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023, limeitaja tiba ya kusukuma pingili kwa mikono miongoni mwa tiba zinazopendekezwa kwa maumivu ya kiuno, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa, kwa hiyo siipingi tiba yenyewe.

Mama_wa_Mwaloni (bandiko la 4)

Asanteni kwa maelezo. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, na maumivu ya mgongo nayaona kila alfajiri kwa vijana wanaopakua magunia. Gunia la dagaa wakavu linaonekana jepesi, lakini kijana hulipandisha begani huku akizungusha kiuno juu ya ubao mwembamba uliolowa, na ni pale kwenye kuzunguka ndipo wengi wanaposhika mgongo na kukaa chini.

Mimi mwenyewe huenda kwa mama mmoja mkandaji. Anachemsha maji, anakanda kwa taulo la moto, kisha anachua kwa mafuta ya nazi kuanzia mabegani hadi kwenye nyonga, na mara nyingine mgongo hulia vilevile kama wa mleta uzi ulivyolia. Nafuu yake nayo hudumu siku kadhaa. Namuuliza ndugu Fizio: kama sababu ni misuli kuachia, kuna tofauti gani kati ya mama huyu na mtaalamu wa Nairobi, zaidi ya bei na nauli ya basi?

Mzawa_wa_Capripoint (bandiko la 5)

Ili tusizungumze juu juu, historia ya tiba hii inajulikana. Ilianzishwa na Daniel David Palmer, Mmarekani mzaliwa wa Iowa, katika mji wa Davenport mwaka 1895. Mgonjwa wake wa kwanza anayetajwa ni Harvey Lillard, mfanyakazi wa usafi katika jengo alimokuwa na ofisi yake, ambaye alikuwa na tatizo la kutosikia. Palmer alidai kwamba alipomsukuma pingili iliyojitokeza mgongoni, kusikia kwake kulirejea. Kutokana na hapo akajenga nadharia kwamba magonjwa mengi sana hutokana na pingili kukaa vibaya na kuibana mishipa ya fahamu, na mwaka 1897 akafungua shule.

Zingatieni jambo moja: tiba hii haikuanza na maumivu ya mgongo, ilianza na sikio. Mshipa wa fahamu wa kusikia hutoka sikioni kwenda kwenye ubongo bila kupita katika uti wa mgongo, kwa hiyo hadithi ya mwanzo haikubaliani na jinsi mwili ulivyoumbwa. Ninapomsikia mtaalamu wa leo akisema amerudisha pingili mahali pake, nasikia maneno ya 1895 yakirudiwa mbele ya mtu ambaye alitaka tu kuondokewa na maumivu ya kiuno.

Pingili_Arusha (bandiko la 6)

Mzawa_wa_Capripoint, Palmer alizaliwa Kanada mwaka 1845, akahamia Marekani akiwa kijana. Iowa ni mahali alipofanyia kazi. Mengine uliyoyaandika kuhusu Lillard ni sahihi, na mimi niliyesomea fani hii nayasema wazi bila kuyatetea.

Nilisoma Afrika Kusini, ambako kiropraktiki hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Johannesburg na katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban, na mafunzo huchukua miaka mingi yakiwemo masomo ya anatomia, kusoma picha za eksirei na kutambua mgonjwa asiyepaswa kuguswa. Wengi wetu tuliosoma miaka ya karibuni hatusemi tena kwamba pingili imehama. Tunasema kiungo kimekakamaa na hakisogei kwa kiwango chake, na msukumo hukipa nafasi ya kusogea tena. Mleta uzi alipimwa magoti kwa kinyundo na kuulizwa kuhusu ganzi kabla ya kusukumwa, na hilo ndilo la kuangalia kwanza unapoingia kwa mtaalamu yeyote. Hata hivyo, aliyemwambia kwamba pingili mbili zimehama alimpa maelezo ambayo yangemfanya auogope mgongo wake mwenyewe.

Kwa mama yetu wa Mwaloni: mkandaji mzuri anafanya kazi ya maana kwenye misuli, na simdharau. Tofauti ni kwamba sisi hulenga kiungo kimoja, kwa msukumo mfupi wa kasi usioenda mbali, baada ya kumpima mgonjwa.

Boda_wa_Buhongwa (bandiko la 7)

Naomba kuchangia upande ambao haujaguswa. Naendesha bodaboda, na mtetemo wa barabara za vumbi za pembezoni umenipa maumivu ya mgongo na shingo. Kuna mtu hapa mjini, sitamtaja, ambaye alikuwa akijitangaza kuwa ananyoosha mgongo kwa njia ya kisasa. Hakunipima wala kuniuliza chochote. Aliniketisha kwenye kiti cha plastiki, akanishika kidevu na kisogo, akazungusha shingo kwa nguvu. Ililia, na palepale chumba kizima kikaanza kuzunguka, nikatapika, nikashindwa kupanda pikipiki hadi jioni. Yeye alisema ni sumu zinatoka mwilini. Kizunguzungu kiliisha, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo simruhusu mtu kugusa shingo yangu.

Fizio_Kanda_ya_Ziwa (bandiko la 8)

Pole sana, ndugu Boda. Hakuna sumu inayotoka kwa kuzungusha shingo. Mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo hupanda ndani ya matundu ya pingili za shingo, na shingo ikizungushwa kwa nguvu ukuta wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda hapo, na mtu akapata kiharusi. Ni jambo la nadra, na wataalamu bado wanabishana kama msukumo ndio unaochana mshipa au kama mtu huenda kutibiwa shingo kwa sababu mshipa umekwisha kuanza kuchanika na unamuuma. Kwa vyovyote vile, kizunguzungu kikali, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kutamka maneno au kupooza upande mmoja baada ya shingo kuguswa ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002, ambayo chini yake kuna Baraza linalosajili watoa tiba na vituo vyao. Kumuuliza mtu usajili wake si utovu wa adabu. Mtaalamu wa kweli atakuonyesha cheti ukutani kabla hujamaliza kuuliza.

Mwalimu_wa_Nansio (bandiko la 9)

Nimeusoma uzi huu kwa makini kwa sababu ya kaka yangu. Alikuwa mvuvi wa sangara huku Ukerewe, mtu wa nguvu, na mgongo ulipomuanza kila mtu alikuwa na jibu. Wapo waliosema ni kuvuta nanga, wapo waliosema ni kulala kwenye ubao wa mtumbwi usiku wa baridi, na wapo waliosema ametupiwa jambo na washindani wake wa kambini. Alikandwa na kuchuliwa na watu tofauti, na mmoja alimkanyaga mgongoni kwa miguu huku wengine wamemshika mabega. Kila alipochuliwa alipata nafuu ya usiku mmoja.

Hakuna aliyejali kwamba alikuwa akipata homa jioni, kwamba shuka lake lilikuwa linalowa jasho usiku, na kwamba suruali zake zilikuwa zimeanza kumpwaya. Siku moja mke wake, akimsugua mgongo wakati wa kuoga, aligusa uvimbe mdogo uliochomoza katikati ya uti wa mgongo. Tukavuka naye hadi Mwanza, akapigwa picha, ikaonekana pingili mbili zimeliwa. Kilikuwa kifua kikuu cha mgongo, naye hakuwahi kukohoa hata siku moja. Ugonjwa huu si mgeni duniani: daktari wa upasuaji wa Uingereza, Percivall Pott, aliueleza mwaka 1779. Kaka alipewa dawa za kifua kikuu, ambazo hapa nchini hutolewa bure, akazimeza kwa miezi mingi, na leo anatembea ingawa nanga havuti tena.

Ninapofikiri kwamba mtu alisimama kwa miguu juu ya pingili zilizokuwa zimeliwa hivyo, mwili unanisisimka hadi leo. Nawaomba mnaonyooshwa na mnaonyoosha: ulizeni homa kwanza.

Mfugaji_wa_Magu (bandiko la 10)

Mwalimu, umenikumbusha jambo linalotuhusu zaidi sisi wa ng'ombe kuliko ninyi wa samaki, maana ninyi hata chai yenu mnainywa rangi. Upande wetu kuna bruselosi, ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kumzalisha ng'ombe mikono mitupu, na dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho, uchovu na maumivu ya viungo, hasa kiuno. Mjomba wangu alitibiwa malaria mara nyingi na kukandwa kiuno mara nyingi kabla ya kupimwa damu na kugundulika. Baada ya antibiotiki za majuma kadhaa kiuno kilinyamaza chenyewe.

Sasa mtu wa namna hiyo angenyooshwa wakati homa inapoelekea kuondoka, angetangaza kijiji kizima kwamba kiropraktiki imemponya.

Lori_la_Geita (bandiko la 11)

Nawapa pole wote waliouguza. Lakini mimi sina homa, maziwa nachemsha, na suruali zangu hazipwayi bali zinabana. Tatizo langu ni usukani. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 nimefurahi kama kila dereva, kwa sababu foleni ya kivuko ilikuwa inatula muda na fedha. Ila nimegundua jambo: kule kwenye foleni nilikuwa nashuka, natembea, nakula mahindi ya kuchoma, naegemea tairi na kujinyoosha. Siku hizi navuka bila kuzima injini na nafika Geita sijanyanyuka kwenye kiti. Mgongo umeanza kurudia kelele zake, na nikipata nafasi ya kwenda Dar nitanyooshwa tena, kwa sababu mara ya kwanza nilipona.

Ndugu Fizio anasema ni misuli, ndugu wa Arusha anasema ni kiungo kilichokakamaa, wengine wanasema ni ugonjwa. Mbona wataalamu wenyewe hamkubaliani?

Tabibu_Mstaafu (bandiko la 12)

Nimefanya kazi ya udaktari kwa muda mrefu katika kanda hii, na napenda kuongeza maelezo ambayo hayana mnunuzi kwa sababu hayauzwi: muda. Maumivu ya kiuno yaliyoanza ghafla huwapungua watu wengi ndani ya majuma machache, watibiwe au wasitibiwe. Hata diski iliyochomoza na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, jambo ambalo kwa dalili alizozitaja huenda ndilo lililompata mleta uzi, mara nyingi husinyaa yenyewe kadiri mwili unavyokula kile kipande kilichotoka. Mgonjwa huenda kwa mtaalamu maumivu yakiwa kwenye kilele, na baada ya kilele yatashuka tu. Yeyote aliyemgusa wakati huo, awe mkandaji, daktari au mtaalamu wa kiropraktiki, ndiye atakayepewa shukrani.

Wala picha isiwatishe. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 uliwaangalia watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, ukakuta diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Mtu akioneshwa picha kama hiyo akaambiwa mgongo wake umeharibika, ataanza kutembea kama mgonjwa hata kama alikuja na maumivu ya siku mbili.

Naomba pia kumsahihisha ndugu Fizio katika bandiko la 3. Mwongozo wa Desemba 2023 unahusu maumivu sugu, yaani yaliyozidi miezi mitatu na yasiyo na chanzo cha ugonjwa kinachojulikana, na pendekezo la kusukuma pingili limetolewa kwa masharti, kwa kuwa ushahidi wake si wa uhakika mkubwa. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya afyuni.

Kwa wote wenye maumivu yanayoshuka mguuni: ukipata ganzi sehemu unayokalia, ukashindwa kukojoa au ukajikojolea bila kuhisi, au mguu ukalegea, usimtafute wa kukunyoosha. Hiyo ni dharura ya upasuaji, na kuchelewa kunaweza kukuacha na ulemavu wa kudumu.

Mama_wa_Mwaloni (bandiko la 13)

Shikamoo, daktari. Hapo kwenye mikanda umenigusa, kwa sababu vijana wetu wa magunia hufunga mikanda mipana ya kiuno na wengine hujikaza kwa khanga, na wanasema bila hivyo hawabebi. Niwaambie waivue?

Na Mwalimu wa Nansio, bandiko lako nimelisoma mara mbili. Kuna kijana hapa ambaye tangu mvua za vuli analalamika mgongo, na jioni hujifunika koti wakati wenzake wako vifua wazi. Tulidhani ni uchovu wa mizigo.

Tabibu_Mstaafu (bandiko la 14)

Marahaba. Mwongozo unazungumzia mkanda kama tiba ya maumivu sugu. Kijana anayeufunga wakati wa kubeba tu na kuuvua baadaye sina ugomvi naye, ili mradi usimpe moyo wa kubeba magunia mawili badala ya moja. Huyo wa koti apimwe haraka, na asichuliwe kwanza.

Pingili_Arusha (bandiko la 15)

Daktari, nakuheshimu, lakini maelezo ya muda hayatoshi. Mleta uzi alikuwa na maumivu ya miezi mingi na nafuu ilikuja ndani ya dakika chache. Muda haufanyi kazi kwa kasi hiyo. Aidha, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la kitabibu la Uingereza ulionyesha kwamba kwa maumivu sugu ya kiuno, tiba ya kusukuma pingili huleta matokeo yanayofanana na ya tiba nyingine zinazopendekezwa, yakiwemo mazoezi. Sidai kwamba inazishinda. Nadai kwamba mgonjwa ana haki ya kuichagua, akijua kwamba haimpi mgongo mpya.

Mzawa_wa_Capripoint (bandiko la 16)

Hoja ya dakika chache ni nzuri, lakini bado haijatenganisha mikono na mtu. Mleta uzi alipokewa na ndugu, akapelekwa, akasikilizwa, akapimwa kwa kinyundo, akaguswa na mtu anayejiamini, kisha akausikia mgongo wake ukilia kwa sauti. Hospitali alipata dakika chache na karatasi ya dawa. Hata mlio wenyewe ni ushahidi mkubwa kwa masikio ya mgonjwa, na mwili unaoamini kwamba hatari imeondoka huacha kujikaza. Simaanishi kwamba alijidanganya. Maumivu yalipungua kweli.

Nyavu_za_Igombe (bandiko la 17)

Nawashukuru nyote. Namjibu daktari: ganzi ninayo kidogo kwenye kidole gumba cha mguu, lakini haja ndogo naenda vizuri na mguu una nguvu. Homa sina. Yale mazoezi ya fiziotherapia nimeyarudia, hasa lile la kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko, na nimegundua kwamba maumivu ya nyuma ya goti hupanda na kubaki kiunoni tu ninapolifanya. Dukani nimeinua meza ya kukatia nyavu hadi usawa wa kiuno ili nisiiname.

Mzawa, sikubaliani nawe kabisa. Fiziotherapia nilipewa muda mwingi na nilisikilizwa vizuri, lakini wepesi ule wa Nairobi sikuupata. Swali langu kwa ndugu wa Arusha: kabla ya kusukumwa mara ya pili nikiwa na ganzi hii ya kidole, niombe kipimo gani?

Pingili_Arusha (bandiko la 18)

Maumivu yanayopanda kutoka mguuni kwenda kiunoni ni dalili njema, usiliache zoezi hilo. Kabla ya kusukumwa tena, pimwa upya nguvu za mguu, hisia na mguso wa kinyundo kwenye kifundo. Ganzi ikiongezeka au ukishindwa kutembea kwa visigino, nenda ukafanyiwe MRI, na mtu asikusukume. Ikibaki hivyo au ikipungua, huna haja ya kufunga safari ya Nairobi kwa ajili ya mgongo tu. Kukaa kwenye basi hadi Sirari na kuendelea kutakuumiza kuliko nitakavyoweza kukusaidia mimi au mwenzangu yeyote.

Kwa Lori_la_Geita, kuhusu pingili kurudishwa: mwaka 1998 watafiti wa Sweden waliweka vialama vidogo vya chuma kwenye mifupa ya nyonga na kuipima kwa eksirei maalumu kabla na baada ya kusukumwa. Wasukumaji waliamini kiungo kinachounganisha nyonga na uti wa mgongo kimerudi mahali pake, wakati vipimo vilionyesha hakikuhama.

Lori_la_Geita (bandiko la 19)

Hicho ni kiungo cha nyonga, ndugu yangu, wala si pingili ya nne ya kiuno. Niletee kipimo cha pingili yenyewe, ya dereva aliyeingia amepinda, nitakusikiliza. Kwa sasa nitakachokubali kutoka kwenye uzi huu ni kusimamisha lori nikifika Sengerema na kutembea kidogo.

Mama_wa_Mwaloni (bandiko la 20)

Yule kijana amekubali. Jumatatu alfajiri, mzigo ukishashushwa, nitampeleka Hospitali ya Sekou Toure mwenyewe. Mwalimu, kaka yako waliulizwa nini walipofika, ili nimwandae asije akaona haya kusema?

Mwalimu_wa_Nansio (bandiko la 21)

Mama, waelezeni homa ilianza lini na huja saa ngapi, kama anatoka jasho usiku, na amepungua uzito kiasi gani. Watauliza kama anapolala kuna mtu aliyewahi kutibiwa kifua kikuu, na kama miguu imeanza kuwa mizito au kufa ganzi. Ataombwa makohozi hata kama hakohoi, na atapigwa picha ya mgongo na ya kifua. Asinunue antibiotiki za dukani kabla ya hapo, na gunia asibebe tena hadi majibu yatoke.